Supu ya Ijumaa ya Saba

Mama Ruthi mpendwa,

Miaka minne ulinikataza kukuita hivyo. "Mimi nina jina langu," ulikuwa ukisema, nami nikikujibu kwamba kwetu Nyeri mwanamke wa miaka tisini haitwi jina na mtu aliyekuja kumwogesha. Mwishowe ukachoka kubishana. Leo nakuita hivyo tena, na hakuna wa kunigombeza.

Nataka tuzungumze habari za ile deli yako ya mtaa wa Edgware, duka la vyakula la Kiyahudi ulikoanza kununua supu ukiwa bibi harusi. Kila Ijumaa, nikishakuogesha na kukuketisha karibu na dirisha, ulinituma: supu ya kuku yenye madonge ya unga, matango ya siki, mkate wa kusuka. Kulikuwa na duka jingine la Kiyahudi karibu zaidi. Siku niliyokutajia, ulinikemea kama mtoto. "Mtu habadilishi duka kama soksi!" Na nikirudi, hata koti sijavua, swali lilikuwa lile lile: "Nani yuko mezani?" Meza ya kando ya kaunta, ya wazee wenzako wanne waliobaki. Nikisema wote wapo, unatulia. Akikosekana mmoja, huli mpaka nimpigie simu.

Ulijua duka limeuzwa. "Mradi jina liko mlangoni," ulisema. Jina walilibakiza, na vibakuli vikawa vile vile vyenye vifuniko vya kijani. Kwenye kioo wakaandika "vyakula vya mtindo wa Kiyahudi", na chini yake wakabandika karatasi kwamba sasa watafungua hata Jumamosi. Mimi niliisoma ile karatasi nikafurahi. Nikasema, nikichelewa Ijumaa nitapita kesho yake. Mtu aliyekuwa nawe miaka minne, anayejua kwamba Jumamosi, Sabato yenu, hugusi hata swichi ya taa, anafurahi! Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza. Mazoea yana taabu. Nilichukua supu, nikalipa, nikakimbilia basi, Ijumaa sita mfululizo.

Ijumaa ya saba Mzee Leni, mmoja wa wale wanne wa mezani, alinishika mkono wa koti nikiwa natoka.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Mama Ruthi, kama kawaida."

"Na anajua?"

"Anajua nini?"

Akanionyesha kioo. Pale palipokuwa na cheti cha marabi, cha kuthibitisha kwamba chakula ni halali kwenu, palibaki alama za gundi tu. Nyama sasa inatoka kwingine, akanieleza, na jikoni hakuna tena mtu wa kusimamia sheria zenu. Ndipo nikaitazama meza yao vizuri. Wote wanne walikuwa na chai ya rangi kwenye vikombe vya karatasi. Hakukuwa na sahani hata moja, na sasa nikikumbuka, hazikuwepo wiki zote hizo. Mimi nilikuletea salamu zao tu.

"Sasa mbona bado mnakuja?"

"Tumekaa hapa miaka arobaini," akasema. "Tukakae wapi?" Kisha akaniachia. "Mwambie wewe. Asisikie kwa mtu mwingine."

Nilitembea hadi kwako kwa miguu ili nipate maneno. Niliyapata, Mama, yalikuwa tayari mdomoni. Lakini ulikuwa hujala tangu Jumatano, uji uliukataa, mkate uliukataa, na muuguzi aliyekuwa akija kukupima alikuwa ameniambia nisikulazimishe. Uliposikia kifuniko kikifunguka ukajiinua kitandani peke yako, jambo ambalo hukuwa umelifanya mwezi mzima. "Nani yuko mezani?" Nikasema wote wapo. Ukacheka, ukashika kijiko.

Nikaipasha supu moto nikakupa. Ulikula nusu bakuli, ukaomba dua yako baada ya kula, ile ndefu, kwa sauti, na mimi nikasimama jikoni nimeziba mdomo kwa taulo la vyombo. Nikajiambia, nitasema Ijumaa ijayo. Jumanne ukafariki.

Ruthi binti yako alifika kutoka Toronto. Wiki ya matanga alikaa kwenye kiti kifupi kama ilivyo desturi yenu ya msiba, mkono wangu mkononi mwake, akawaambia wageni, "Mama hakuvunja sheria hata siku moja, na hadi wiki ya mwisho alikula supu ya duka lake. Mshukuruni huyu." Watu wakanishukuru mmoja mmoja. Mzee Leni alikuwa ameketi karibu na mlango. Alinitazama, akasubiri. Mimi nikatazama zulia. Akachukua kofia yake akaondoka.

Juzi nilipita dukani. Meza wameiondoa, wameweka friji ya soda. Msichana wa kaunta aliniambia wale wazee hawaji tena. Sijui wanakaa wapi siku hizi, na hata ningejua, sina uso wa kwenda.

Najua maji yakimwagika hayazoleki. Ruthi sitamwambia, kwa kuwa nikimwambia nitakuwa nimejitua mzigo nikamtwika yeye. Basi nakuandikia wewe. Kwa zile supu sita nilikosa kwa kutojua, na najua ungenigombeza kisha ungesahau. Siombi radhi kwa hizo. Naomba kwa ile ya saba, Mama. Niliijua, na nilikupulizia ipoe.

Ni mimi mhudumu wako,
Wambui