Mkono Ulioingia Kwenye Picha

Khorog, ng'ambo ya Mto Gunt,
14 Aprili.

Mpendwa dada Gulbegim,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, wewe na shemeji Ilhom na wapwa zangu wote wawili. Mgongo umepoa? Mama ameniambia kwamba huko ugenini, jikoni kwenye chekechea unakopika, uliinua sufuria la uji peke yako, na sasa unafanya kazi umejifunga mkanda. Dada, usijikaze hivyo. Wenye sufuria zao watapata mpishi mwingine, sisi hatuna pa kupata dada mwingine.

Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, lakini akishamaliza bakuli lake la chai ya maziwa na chumvi anapanda kilima kwenda kwa shangazi Bakhtibegim kama msichana. Ng'ombe amezaa ndume. Mama alikuwa ametaka jike, kwa hiyo tangu siku ile amemnunia ng'ombe, hata kumsemesha hataki. Miaprikoti imechanua yote kwa mpigo mmoja, na upepo wa jana umeshaanza kuipukutisha.

Umepiga simu mara nyingi nami sikupokea. Nekbakht mke wangu amekuwa akikuambia nipo shuleni, nipo mjini, nimelala. Mwanamke wa watu amesema uongo kwa ajili yangu mpaka amechoka. Nilikuwepo. Sikutaka usikie sauti yangu, maana wewe ungejua mara moja kwamba kuna jambo. Kwa kalamu angalau hunioni uso.

Unajua kwamba baada ya goti langu kuharibika, na kikundi cha ngoma kule Dushanbe kuniaga, shule hii ilinipa darasa la saba niwafundishe kutengeneza filamu na kusema kwa mwili. Nilikuandikia nikijisifu. Tunasukuma madawati ukutani, watoto wanakuwa upepo, wanakuwa mama anayebandua mkate kwenye tanuri, na wenzao wanawarekodi kwa kamera. Nilikuambia watoto wananipenda. Nadhani nilikuwa nikisema kweli kwa baadhi yao.

Darasani yupo binti anaitwa Savsan. Baba yake anaendesha lori la mizigo la kutoka Osh. Ni mtoto mwenye mwili mkubwa, mzito wa kuanza jambo. Wenzake wakishamaliza ndipo yeye anainua mguu. Majira ya baridi niliwapa zoezi la ndege anayeondoka mwambani. Kila mmoja alipita mbele. Ilipofika zamu yake alisimama, akafumba macho, akawa anavuta pumzi. Mimi sikungoja. Nilimpungia mkono aondoke, nikamwambia, "Basi, basi, binti. Wewe kashike kamera. Kuna watu wa mbele ya kamera na watu wa nyuma yake."

Imronsho, mchekeshaji wa darasa, akadakia, "Afadhali, mwalimu! Huyu akiruka, ukuta wote unashuka mtoni!"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, dada. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kulala. Maneno ningeweza kuyatafutia udhuru. Kicheko hakina udhuru.

Savsan alichukua kamera. Baada ya mwezi alikuwa anaijua kuliko mimi: wapi pa kuisimamisha, lini mwanga wa dirisha unaunguza picha, namna ya kuisogelea sura ya mtu bila kumtisha. Nami nikaanza kujipiga kifua katika chumba cha walimu, kwamba nimegundua kipaji cha mtoto. Ndivyo nilivyosema. Nimegundua.

Kwa kazi yao ya mwisho wa muhula niliwaambia watengeneze filamu fupi isiyo na maneno, kuhusu kitu wanachokijua, na kwamba sitaiangalia mpaka siku ya kuionyesha. Niliona hilo ni jambo la kiungwana sana. Walikuwa wakijifungia kwenye chumba cha kompyuta, nikipita wananyamaza, nami natabasamu.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa wazazi. Mama alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake cheupe, kando ya shangazi. Taa zikazimwa.

Mtoto wa kwanza aliingia kwenye picha akiwa amevaa miwani puani, akaangalia watu kwa juu yake. Watu wakacheka, "Mwalimu Davlatyor huyo!" Nami nikacheka. Wa pili akatembea kwa goti langu bovu, lakini kwa maringo, kama ninavyotembea nikijua natazamwa. Ukumbi ukapasuka. Kisha akaja Imronsho. Alisimama kama anayesikiliza mtu akiongea, halafu, kabla huyo mtu hajamaliza, akainua vidole viwili, akavipeperusha kama anafukuza inzi, akageuza uso kuelekea dirishani.

Unaujua mkono huo. Sina haja ya kukuchorea.

Nikamsikia Mama katika giza, kwa sauti kubwa na ya furaha: "Jamani, marehemu huyo! Bakhtibegim, tazama, si baba yao kabisa!" Akacheka. Halafu nikasikia kicheko chake kikikatika katikati.

Wakapita wote, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa mwili wake, mkono ni ule ule. Ukumbi uliendelea kucheka. Mwisho kamera ilibaki imesimama peke yake, na Savsan akatoka nyuma yake, akaja mbele. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Akaanza kuinua mikono polepole sana, na dada, nimecheza na watu wakubwa, sijawahi kuona mabega yakifunguka namna ile. Kabla haijafika juu, mkono wa mtu ukaingia pembeni mwa picha, mkono tu, ukapeperusha vidole. Mikono yake ikashuka. Akatutazama. Ikaishia hapo.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache, wakanyamaza haraka.

Taa zilipowaka wazazi walinizunguka. "Hongera, mwalimu! Watoto mpaka wanakuigiza, wanakupenda hao." Baba yake Savsan alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Binti yangu alikuwa haongei nyumbani. Tangu umempa kamera, anaongea. Mungu akulipe." Hakujua, hajaambiwa. Na mimi nikasema, "Ahsante." Nilipokea, dada. Nilisimama pale nikapokea shukrani kama mwizi anayeshukuriwa kwa kufunga mlango vizuri.

Nyumbani Mama alikaa chini ya ile nguzo ya nyumba anapoketi siku zote, hakutaka chai. Mwishowe akasema, "Mimi nilizoea ule mkono. Nilidhani ndivyo wanaume wanavyonyamaza. Gulbegim hakuzoea." Akaenda kulala na kitambaa kichwani.

Jumatatu niliingia darasani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikapotea yote. Nikamwomba Savsan msamaha mbele ya wenzake, kwa ule mkono, na kwa kumnyima zamu yake, na kwa kucheka. Imronsho aliinamisha kichwa mpaka kikagusa dawati.

Savsan akasema, "Sikuitengeneza ili nikuaibishe, mwalimu. Ulisema tuonyeshe kitu tunachokijua."

Nikamwambia, "Basi leo nionyeshe ndege wako mpaka mwisho. Nitangoja hata saa nzima."

"Leo sitaki."

"Kesho?"

"Sijui." Akashika stendi ya kamera. "Fanya wewe, mwalimu. Mimi nitarekodi."

Nikavua koti. Kwa goti hili nikainama, nikafumba macho, nikainua mikono mbele ya watoto wa darasa la saba. Kisha Imronsho, hawezi kujizuia yule, akanong'ona, "Huyo kuku, mwalimu." Na kabla sijafikiri vidole vyangu vilikuwa vimeshanyanyuka kumpeperushia. Wote wakaviona. Mimi pia niliviona, viko hewani, kama vya mtu mwingine. Savsan hakuizima kamera. Nilishusha mkono, nikaufumbata kwapani, nikasema, "Tuanze tena." Tukaanza tena. Yeye bado hajacheza, na simuulizi.

Sasa nakuja kwako. Ulipokataa kuja kumzika Baba, nilikuambia kwenye simu kwamba una moyo wa jiwe, kwamba Baba hakuwahi kumpiga mtu. Ni kweli hakupiga. Ulikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ukasimama mbele yake kumwambia unataka kusomea uuguzi, naye hakukuacha ufike mwisho wa sentensi. Nilikuwepo. Nilikuona ukishusha mikono. Miaka yote hii nimekuwa nikisema hukufanywa kitu. Nisamehe, Gulbegim. Na kama huwezi sasa, mimi nitangoja, sitakuharakisha.

Nisalimie shemeji Ilhom, umwambie viatu alivyotuma vimefika salama. Wamwagie mabusu yangu Farzona na kaka yake Sunatullo. Shangazi Bakhtibegim anakusalimu, Nekbakht anakusalimu na anasema yeye hatadanganya tena, upige simu nitapokea. Mungu akulinde kazini na njiani, akuponye mgongo, akupe watu wanaosikiliza.

Mama amekaa hapa kando yangu wakati nikimalizia. Ameniagiza niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie kaburini simpeleki. Aje anitembelee mimi, na safari hii aniambie yote, mimi nitakaa kimya mpaka amalize."

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa haya na kwa moyo wote,

Davlatyor