Raba za Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu Kiguu-na-Njia,

Habari za huko, na habari za ugoko? Najua kuanzia gotini kwenda juu u mzima. Nauliza hayo yaliyobaki. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula.

Uliandika kwamba ugoko ukiendelea kuuma hivi, mashindano ya mwezi ujao utayatazama umekaa, ukaniomba nikuchagulie viatu. Haya, nisikilize, na ubishi wako uuweke pembeni.

Viatu vya kuzuia mguu usilalie ndani si vya aina moja. Wiki hii alikuja dukani kwetu muuguzi akitaka vile vigumu kuliko vyote, eti shoga yake anavyo. Mguu wake unalala kidogo tu, tena akishachoka, nikampa vyepesi. Mwoka mikate wa jirani, mtu wa mwili wake, nikampa vya soli pana na nene, akatoka navyo miguuni. Wewe u mwembamba kama ufito, lakini kifundo chako kinaanguka ndani tangu hatua ya kwanza. Wa namna yako anahitaji soli iliyokazwa upande wa ndani, na usiniletee habari za rangi.

Sasa sikia kituko. Juzi baba alikuja dukani. Ndiyo, huyohuyo asemaye kukimbia bila kufukuzwa ni wazimu, na ambaye hajakutaja tangu ulipoacha kazi ya ofisini ukahama. Alimwambia bosi wangu kwamba daktari amemwamuru afanye mazoezi. Bosi akaomba viatu vyake vya zamani, maana sisi hatumuulizi mtu anakimbiaje. Tunageuza soli na kujionea. Baba alikuwa amejiandaa. Akatoa raba kuukuu kwenye mfuko.

Soli zilikuwa zimelika upande wa ndani. Baba ana matege, unamjua. Viatu vyake vyote hulika upande wa nje, hata mama humtania kwamba anatembea kama aliyepanda pipa. Zile zilikuwa raba zako, ulizoziacha nyuma ya mlango siku mlipogombana ukaondoka na ndala. Kumbe nilipomsomea mama barua yako, mzee alikuwa ametega sikio nyuma ya gazeti.

Bosi alitaka kumpima mguu, baba akakataa katakata, akasema namba ni ileile ya kwenye raba. Akachaguliwa vilevile ambavyo ningekuchagulia mimi. Akavikunja kwa mikono, akauliza kama vitafika mwisho wa mashindano. Mtu wa mazoezi ya daktari, anauliza mashindano.

Basi ndivyo hivyo vilivyomo kwenye kifurushi hiki. Alinisihi niseme nimekununulia mimi, nikamwitikia, lakini shukrani isiyo yangu siiwezi. Nilienda kulia stoo, wala sioni aibu kukwambia.

Vizoeze taratibu, usikurupuke navyo siku ya mashindano. Na mpigie baba. Mzungumzie viatu tu, mengine yatajileta yenyewe. Zile kuukuu nilidhani amezitupa. Niliporudi nyumbani jioni nilizikuta palepale nyuma ya mlango, amezifuta vumbi na kuzipanga sawasawa.

Wasalimie wenzako unaokimbia nao. Mama anarudia: kula.

Ni mimi dada yako,
muuza viatu