Resori Zilizofungwa kwa Gunia Mbili

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Bihambwe tuko wazima. Bibi yako amemaliza kuvuna maharagwe na anakusalimu. Unauliza kama ukaze resori, zile springi za pikipiki yako, hadi mwisho kabla ya mashindano ya Jumapili, kwa kuwa kona za uwanja zinakutisha.

Nilipokuwa karani kijana nilipeleka barua za ofisi hadi Walikale kwa pikipiki, nikiogopa kila kona. Pikipiki niliinunua kwa mchuuzi wa maharagwe wa Kitshanga, nikaacha resori zake zikiwa zimekazwa, nikidhani ugumu ndio usalama. Nilianguka mara mbili.

Fundi wetu, Papa Bahati, alicheka. "Karani, hii ilifungwa kwa kubeba gunia mbili za maharagi. Leo gunia iko wapi?"

Akazilegeza, akaniambia nipande apime zinavyoshuka. Hazikushuka. Akatazama miguu yangu: nilikuwa nimejiinua kwa ncha za vidole.

"Ikala na uzito yako yote, kaka! Nipime muntu ao nipime woga?"

Nikaketi, nikapumua, pikipiki ikashuka, akapima. Kwenye kona zilezile tairi la nyuma sasa lilishika udongo. Woga haukuisha, ila sikuanguka tena.

Basi vaa helmeti na nguo zako zote za mbio, mwenzako ashike usukani, uketi kabisa, mwingine apime zinavyoshuka, mzirekebishe. Kona ikikutisha bado, punguza mwendo, resori uziache zilivyopimwa.

Jumapili ukimaliza, hata ukiwa wa mwisho, tupigie kwanza sisi.

Babu yako