Njia ya Kwenda kwa Mama

Jumatatu, 4 Februari 1974
Kabichi ya kuchemsha, yai moja, chai ya rangi bila sukari. Siku ya kumi na tisa ya karatasi ya mlo niliyoinakili kutoka gazetini. Saru, mdogo wangu tunayeishi naye, amekula kimanga, mihogo iliyopondwa na maharage, mbele yangu na kupangusa sahani kwa kidole. Nimemkemea. Si kosa lake. Nina njaa.

Sababu naiandika ili nisilegee. Mama yuko Chawia. Basi humwacha mtu barabarani. Kutoka hapo hadi mlangoni kwake ni njia ya miguu, mlima mtupu. Desemba nilijaribu tena. Sikufika hata nusu. Niliketi kwenye majani, moyo ukapiga hadi masikioni, nikarudi chini. Sijaingia katika nyumba ya mama kwa miaka mitatu. Umri wake umepita themanini. Nataka kufika kwa miguu yangu naye akiwa hai. Hilo tu.

Ijumaa, 8 Februari
Nimeanguka posta, kwenye foleni. Watu walinikalisha sakafuni kama gunia. Aibu.

Dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari, alinipima, akaisoma karatasi yangu ya mlo, akaikunja na kuitia katika kopo la taka. Alisema kwamba ulaji wangu wa kawaida hauna kasoro kubwa. Kasoro ni kuketi. Miaka ishirini na minane mbele ya darasa na nyuma ya meza ya mwalimu mkuu, kisha miaka minne ya kustaafu juu ya kiti kilekile. Nile chakula cha nyumbani, nisijaze sahani mara mbili, na kila siku niutumikishe mwili. Kijana mwenye adabu. Sikupenda alivyosema, lakini sikuona pa kumsahihisha.

Jioni nilikula sima na mchicha. Nililala vizuri.

Jumatatu, 11 Februari
Nimeanza kutembea. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka nyumbani hadi kituo cha reli na kurudi.

Haiwezekani katika mji huu wa Voi. Mwanamke wa umri wangu, mikono mitupu, kichwa kitupu, haendi popote. Kila mtu anataka kujua aendako. Fundi cherehani aliniuliza, "Mwalimu, wapi mapema hivi?" Nikajibu kwamba natembea. "Kwenda wapi?" Kurudi nyumbani. Akatazama nyuma yangu kuona ninamkimbia nani.

Jumatano, 13 Februari
Wanawake wawili wa kanisani wamekuja kumuuliza Saru, kwa sauti ya chini, kama nimepata habari mbaya. Mmoja alileta maziwa. Nimechukizwa sana.

Saru alicheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Dada, ukitaka kutembea bila maswali, beba debe."

Alhamisi, 14 Februari
Nimemwambia mwenye mkokoteni asituletee maji tena.

Nusu debe kutoka bombani. Sikuwa nimebeba maji kichwani tangu nilipokuwa msichana. Kata ya kitambaa iliteleza, maji yakanimwagikia mgongoni. Bombani nilisogea mbele bila kufikiri, kama nilivyozoea kupishwa. Mama mmoja niliyemfundisha darasa la nne alisema, "Mwalimu, foleni ni foleni. Ulitufundisha mwenyewe." Wote wakacheka. Nilirudi nyuma. Alikuwa sahihi.

Hakuna aliyeniuliza ninakokwenda.

Jumamosi, 23 Februari
Nusu debe, mara mbili kwa siku. Shingo inauma. Magoti yanauma. Nimenunua jembe jipya; lile la zamani lilikuwa na mpini uliooza. Kiwanja cha nyuma kina magugu ya miaka. Nimelima hatua nne, nikaketi. Kesho hatua tano. Saru amesema atapanda pojo mvua ikinyesha, kwa hiyo nisilime kama ninayeandika ubaoni. Sijui maana yake. Nimelima mstari ulionyooka.

Ijumaa, 15 Machi
Zahanati. Mizani inaonyesha kilo zilezile nilizopimwa siku nilipoanguka. Nilimwambia dresa kwamba mizani yake ni mbovu. Akapanda mwenyewe kunionyesha kwamba ni nzima. Presha imeshuka. Aliniuliza ninapumzika mara ngapi kutoka bombani. Nikafikiri. Sipumziki tena.

Hata hivyo nilitaka kilo zipungue. Nilirudi nyumbani na hasira, nikalima hadi jua likawa kali.

Barua imetoka kwa Mwakio, kaka yetu mdogo anayekaa na mama. Mama anauliza nitakuja lini. Nimejibu kama kawaida kwamba kamati ya kanisa hainipi nafasi. Kamati hukutana mara moja kwa mwezi. Sitaki mama ajue kwamba bintiye ameshindwa na mlima ambao yeye aliupanda na mizigo maisha yake yote.

Jumapili, 31 Machi
Debe zima. Polepole, lakini zima.

Jumatatu, 22 Aprili
Ujumbe kutoka kwa Mwakio, kwa mdomo wa dereva wa basi. Mama hainuki. Hali chakula vizuri. Ameniita.

Mvua imenyesha siku tano. Saru anasema njia imekuwa utelezi, tungoje hadi jua litoke. Siwezi kungoja. Nimeogopa, na sijamwambia.

Jumatano, 24 Aprili
Mwakio alitungoja barabarani. Alitazama mlima, kisha akanitazama. Nilivua viatu. Matope mekundu hadi vifundoni. Nilisimama mara sita, nikizihesabu. Mahali niliposhindwa Desemba nilipita bila kusimama. Huko juu Mwakio alianza kuhema. "Dada, ngoja kidogo. Unafukuzwa na nani?" Saru alimwambia aje Voi abebe maji.

Nilifika saa saba kasorobo mchana. Mama alikuwa kitandani, mdogo sana. Alinigusa uso, kisha mkono, akaushika.  

Alhamisi, 25 Aprili
Ninamwinua, ninamwosha, ninamgeuza. Amekunywa uji nusu kikombe.

Jumapili, 28 Aprili
Ukungu. Wengine wamekwenda kanisani. Mama alikuwa macho, akili yake safi. Aliuliza kama kamati imeniruhusu.

Nilimweleza. Kwamba hapakuwa na kamati. Kwamba mwili ulinishinda nami niliona haya. Nilieleza vizuri, tangu mwanzo, kama mtu anayetoa ripoti.

 Akasema, "Nilidhani hutaki." Baadaye kidogo: "Ungesema. Wakati ule ningeshuka mimi."

Ni kweli. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akishuka sokoni kila juma na kupanda tena. Tungeweza kuonana kule chini, barabarani, mara mia.

Amelala sasa. Anapumua vizuri. Saru atashuka kesho peke yake. Mimi nabaki.