Mvua Ilipotulazimisha Kuitana

Mpendwa Baba Neema,

Jana alasiri mvua ya upepo na radi ilinyesha hapa Dodoma, na umeme ukakatika kabla hata bati halijalowa vizuri. Dada yako Yudita, ambaye hajaniacha tangu tulipokuzika Kibakwe, aliwasha kibatari, akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamwambia sisikii kitu. Alidhani nazungumzia baridi.

Nilikaa kwenye kochi nikakumbuka mvua za mwaka ule. Neema wetu alikuwa amefariki kiangazi, kwa homa, hata darasa la kwanza hajamaliza. Tuliporudi kutoka makaburini tukaacha kuongea. Hatukugombana. Ulikwenda ofisini, ukarudi, nikakuwekea ugali na mlenda, ukasema ahsante. Jioni uliwasha televisheni, ya kwanza mtaani kwetu, tukaitazama bila kujua inasema nini.

Na hatukuitana. Ukinihitaji, ulikohoa. Mimi nilikuja mpaka mlangoni nikasema, "Chakula tayari." Tangu binti yetu azaliwe hatukuwa na majina mengine: wewe Baba Neema, mimi Mama Neema. Kurudia majina yetu ya ubatizo ilikuwa kama kumfuta mtoto. Kutumia la kwake ilikuwa kama kumwita, naye asiitike.

Halafu Jumamosi moja mchana wingu likafunga, mvua ikashuka, televisheni ikazimika. Hapakubaki cha kutazama ila sisi wawili. Ukainuka, ukapapasa juu ya kabati, ukashusha ludo ya Neema. Nilikuangalia ukiifuta vumbi kwa kiganja. Nikajiandaa kuumia, nisiumie. Nikachukua kete za kijani kwa kuwa zilikuwa karibu. Wewe ukachukua za njano. Nyekundu alizozipenda tukaziacha ndani ya boksi.

Tulicheza kama watu wanaochambua mchele. Zamu yako ilipofika ulikuwa umegeukia dirishani, unatazama maji yakichimba uani. Nikasema, "Zamu yako." Hukusikia, maana mvua ilipiga bati kama changarawe. Nikarudia. Mwisho nikapaza sauti, na mdomo ukasema wenyewe:

"Baba Neema, tupa dadu!"

Ukageuka taratibu. "Umeniitaje?"

"Baba Neema."

"Nilidhani hutaniita hivyo tena."

"Sasa nikuite nani?"

Ulifikiri, kana kwamba kweli ulikuwa unatafuta jina. "Hapana," ukasema. "Iwe hivyo hivyo. Na mimi nitakuita hivyo hivyo."

Ukatupa dadu. Ikaja mbili, haikukusaidia kitu. Ukanisogezea kikombe cha dadu. "Haya, Mama Neema. Wewe."

Hatukulia, wala hatukushikana mikono. Tulicheza tu, mpaka giza likatuzuia kuona nukta za dadu. Lakini msimu ule wote, mawingu yakijikusanya, ulikuja nyumbani mapema na mafuta ya taa. Ludo ikituchosha tulicheza karata, au drafti ya vizibo vya soda, na uliniibia waziwazi ukijua nakuona. Siku moja umeme ulirudi katikati ya mchezo, majirani wakashangilia huko nje. Wewe uliinuka ukaizima taa, ukarudi kukaa mbele ya kibatari.

"Tumalizie kwanza," ulisema.

Nikacheka. Kicheko chenyewe kilinishangaza, nikaziba mdomo. Wewe ukapanga karata zako.

Siku ya kukuzika wanawake walinishika mabega wakaniambia, "Lia, mama, utapata nafuu." Nilikuwa natazama mbuzi wa mtu akipanda kilima, nikajiuliza kama mwenyewe anajua alipo. Ndivyo nilivyo mpaka leo. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nakula, naoga, naitikia salamu. Watu wananisifu kwamba nimejikaza, na mimi sijakaza chochote.

Jana tuliposubiri umeme, Yudita aliniuliza, "Wifi, kaka alikuwa mtu wa namna gani nyumbani? Mimi nilimjua utotoni tu."

Nikaanza kumwambia jinsi ulivyokuwa mwizi wa drafti. Nikaendelea na mengine. Niliongea mpaka koo likakauka, naye akasikiliza, akaniletea maji, akasema, "Endelea." Nilisikia maji yale yalivyo ya baridi. Ni hilo tu, lakini nimeona nikuambie.

Leo kumepambazuka bila wingu. Lile shamba la Chamwino, ulilolifungua walipoanza kupunguza watu ofisini kwenu, bado halijapandwa, na mvua za huku hazimsubiri mfiwa. Yudita yuko nje na majembe mawili na mbegu za karanga. Ameniita mara moja, hataki kuniharakisha.

Machozi sijayapata bado. Yakija huko shambani, yatanikuta nainama.

Pumzika, baba. Mimi natoka.

Mkeo,
Mama Neema