Mbio za Bugarama na Debe la Mikebuka

Mutakura, Bujumbura
14 Juni 2005

Ndugu yangu Faris,

Nakusalimu wewe, mkeo Nura, watoto, na zaidi ya wote mama yako, ambaye goti lake naliulizia kila ninapokutana na mtu atokaye Kigoma. Natumaini mko wazima na duka linakwenda. Sisi huku hatujambo. Léocadie aliumwa malaria wiki mbili, sasa amepona na amerudia kunigombeza kama kawaida, ndiyo maana nasema amepona. Binti yetu Gaëlle ameanza shule, na karakana yangu ya baiskeli bado iko pale pale karibu na soko.

Mtaa unajaa tena. Uchaguzi wa komini umepita na watu wanangoja ule mwingine. Nyumba yenu imesimama, anakaa mwalimu mmoja anayefuga kuku sebuleni. Nilimwambia kwamba mama yako akijua ataugua zaidi ya goti, akacheka, lakini kuku hakuwatoa.

Sasa nikupe habari kubwa. Chama kimoja cha vijana kimetangaza mbio ndefu za baiskeli, na zitakuwa Jumapili hii, tarehe 19. Mtu anaondoka hapa mjini, anapanda Bugarama, anaacha lami na kushika njia za udongo za vilimani hadi Muramvya, kisha anarudi. Ni kilomita mia moja na ushee, nusu yake mlima. Baiskeli lazima iwe ya mlimani yenye gia, zile tunazoita VTT, na ni marufuku kushika lori. Mshindi anapewa VTT mpya kabisa, bado iko ndani ya karatasi zake. Mimi nimeshajiandikisha. Nimepewa kitambaa cha namba kumi na tisa.

Najua utauliza baiskeli nimeipata wapi. Ninayo. Ilikotoka nitakueleza kabla sijafunga barua hii, naomba tu usiruke kurasa.

Unamkumbuka Libère, yule aliyekuwa akiteremsha ndizi pamoja nami kabla sijawa fundi? Hadi leo anapanda Bugarama akiwa ameshika mkia wa lori na kushuka na mikungu sita. Nilipomsomea sharti la malori aliniuliza, "Sasa iyo ni mashindano ao ni azabu?" Hata hivyo aliniambia nikimbie. Anasema tumekaa miaka kumi na mbili tukiiogopa barabara ile, na angependa kumwona mtu anayemfahamu akiipanda kwa raha zake, bila kubeba kitu.

Léocadie hakutaka kusikia. Kaka yake, Cirimwami, alipigwa risasi ya mguu kwenye barabara hiyo hiyo mwaka 2000, akiwa katikati ya msafara wenye ulinzi. Léocadie anasema kule juu bado wapo wapiganaji ambao hawajaweka sahihi mkataba wa amani, na risasi haiulizi kama umevaa namba. Waandaaji wanaahidi askari kila kona. Yeye alinijibu, "Kama unataka kufa, ufie hapa karibu, tusisumbuke kukutafuta mulimani." Tulikaa siku tatu tukiongea kupitia mtoto.

Mimi nilitaka sana, Faris, sitakudanganya. Nina miaka thelathini na tatu, na ujana wangu wote umepita nikisikiliza milio usiku na kuziba pancha mchana. Tangu Aprili nimekuwa nikitoka alfajiri kwenda kufanya mazoezi, kwanza Gasenyi, halafu vilima vya juu yake, halafu zaidi. Jumapili iliyopita nilipita njia yote peke yangu, Bugarama, Muramvya na kurudi, bila kugusa lori hata moja. Nilitumia saa saba kasoro. Nilipofika Bugarama kulikuwa na ukungu na wale wauza kabichi wa siku zote, na nikalia kidogo, nikawaambia ni upepo. Kwa saa hizo, nisipopata ajali, ninaweza kushinda. Libère naye anasema hivyo, na yeye si mtu wa kusifu.

Kilichoniharibia hesabu ni pancha. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi, nilitobolewa na msumari nikirudi kutoka mazoezini, gundi sina. Fundi wa baiskeli akavuka soko zima la Mutakura akisukuma baiskeli, na unaweza kufikiri walivyonicheka. Nilipita mbele ya duka la vitenge la shangazi yako Sheikha. Alikuwa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Hakucheka. Alishuka ngazi taratibu, akainama, akapitisha kidole chini ya kiti, kisha akasema, "Hii kinga, baiskeli hii, mi naijua. Faris alichora jina lake hapa na msumari, nikamugombeza siku ile."

Alirudi akakaa. Akasema Ijumaa tarehe 17 anasafiri na meli ya mizigo kuja kwenu Kigoma, kumwona wifi yake, mama yako. "Mi sitamwambia Faris kitu. We ndiye utamwambia. Unifikirie tu mzigo wa kumupelekea." Akaniuliza hali ya Léocadie, akanipa kipande cha kitenge cha mtoto, na nikaondoka nikisukuma.

Ndiyo, ni baiskeli yako. Ile ya buluu, uliyoachiwa na mwalimu Mbelgiji alipoondoka haraka, na ambayo ulinikabidhi mwaka 95, siku mlipokimbia, ukaniambia niitunze. Niliitunza. Niliipandisha juu ya dari la chumba changu usiku ule ule. Mwisho wa mwaka uliniandikia kwamba unatembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi Kigoma mjini kila siku kwenda kazini, na ukaniomba niipakie melini. Nikakujibu kwamba watu wenye silaha waliniteremsha kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, wakaichukua. Hakuna aliyeniteremsha. Hakukuwa na barieri siku hiyo. Wakati naandika maneno yale, nilikuwa nimekaa chini yake.

Niliogopa, Faris. Wenye magari walikuwa na magari, wenye ndugu wakubwa walikuwa na ndugu wakubwa, mimi nilikuwa na baiskeli yako. Nilijihesabia kwamba wakija, saa moja na nusu niko Uvira kwa mama yangu. Nililala kwa sababu iko pale juu. Mwaka uliofuata vita vikafika Uvira kwenyewe, kwa hiyo sikuwa tena na mahali pa kukimbilia, na bado sikuirudisha. Hofu ilipoisha, aibu ilikuwa imekomaa. Kila mwezi niliishusha nikaitia mafuta, nikaipandisha tena. Léocadie alipoikuta nilimwambia ni amana yako, na kwamba utaifuata mwenyewe.

Lakini si uongo ule ulionila miaka yote hii. Ni jibu lako. Ulisema ni chuma tu, mshukuru Mungu mimi sikuguswa. Na ukanitumia debe la mikebuka wakavu la kunipa pole, wewe uliyekuwa unatembea kwa miguu, kana kwamba huku ziwani kwetu hakuna samaki. Tuliwala mwezi mzima mimi na majirani. Nilikuwa natafuna huku baiskeli yako iko juu ya kichwa changu.

Sasa ujue kwa nini hasa nilijiandikisha mbio hizi. Nilipanga nishinde, nichukue ile VTT mpya, nikutumie iwe zawadi. Wewe ungefurahi, mimi ningekuwa nimelipa, na ile kuukuu ningeirudisha darini bila mtu kujua. Niliona ni mpango mzuri sana, hata baada ya shangazi yako kuitambua baiskeli, hadi Jumapili iliyopita, nikiteremka kutoka Bugarama. Pale nilifikiria barua utakayoniandikia baada ya kuipokea. Ungenishukuru. Ungenishukuru kwa mara ya pili, Faris, na ninakujua, ungenitumia kitu. Nilisimamisha baiskeli kando ya barabara. Sikuweza kuendelea mpaka nilipoamua.

Meli inaondoka Ijumaa, mbio ni Jumapili. Kwa hiyo sikimbii. Aliyekukabidhi barua hii ni shangazi yako. Mwambie akupeleke bandarini uone alichokuja nacho. Matairi ya zamani yalikauka, nimeweka mapya. Mnyororo ni mpya. Breki ya nyuma inavuta kidogo kulia, ikaze robo mzunguko tu, usizidishe. Jina lako liko pale pale chini ya kiti. Kitambaa cha namba nimekirudisha kwa waandaaji, na kijana aliyekipokea alidhani mke wangu amenikataza. Nilimwacha aamini hivyo. Jumapili nitapanda Bugarama nyuma ya lori na Libère, nikae juu pale na pampu na gundi, niwazibie wengine. Itaniuma, nakiri.

Usiniandikie kwamba si kitu. Ulitembea njia ile kwa miguu, mvua na jua, na mimi nilikuwa nayo. Ukitaka kukasirika, kasirika, na ukitaka kukaa kimya miaka kumi, nitahesabu kuwa ni haki yako.

Léocadie anakusalimu, Gaëlle anamsalimu mwanao mkubwa ingawa hawajaonana. Mpe mama yako pole yangu ya goti, na habari hizi mpe wewe mwenyewe, mimi nimeona aibu. Nibaki kwenye dua zako kama utaweza. Ila neno moja nakuomba sana: safari hii, usinitumie samaki.

Mimi aliyekuwa rafiki yako, na ninayetamani kubaki,

Akilimali