Mama, Milonge Yako Imenishinda

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze maneno na mtu mzima bila shikamoo, na leo nina maneno mengi. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu Jumapili, na kwa kuwa mtu hawezi kwenda kumgombeza mama yake kaburini watu wakimtazama, nimeona nikuandikie.

Ni hii milonge yako.

Ulipokubali kushuka kutoka Kinole uje kuishi nami hapa mjini, nilitegemea ulete nguo zako na msala. Ukaleta na mbegu za mlonge, umezifunga kwenye pindo la khanga. Nikakuambia, Mama, hii ni ghorofa ya pili, tena ya kupanga, roshani yenyewe inatosha kamba ya nguo na jiko la mkaa, basi. Ukasema, "Mti hauulizi ghorofa, unauliza udongo." Mwezi haujaisha, ndoo tano za rangi zimejipanga pale, kila moja umeitoboa chini kwa msumari wa moto.

Halafu ukaniachia.

Mama, hii si miti, ni watoto watukutu. Nikimwagilia sana, majani yanageuka manjano. Nikiacha siku tatu, yanapukutika, vijani vidogo vidogo vinaingia kwenye unga, kwenye shuka, kwenye koti langu jeupe la kazini. Na wageni wako! Watu nisiowajua wanagonga mlango asubuhi sijanawa uso: "Mama aliniambia nikipungukiwa mboga nije nichume majani." Umeuahidi mji mzima?

Ulisema ikifika kifuani ikatwe. Sikuweza. Kila nikishika kisu naona mkono wako, narudisha kisu. Basi ikapanda mpaka ikagusa dari, ikainamia nje, na upepo wa mlimani ukavunja kilele cha mmoja, kikaangukia kamba ya nguo ya Mama Shamte wa chini. Shuka zake nyeupe. Unamjua shoga yako na shuka zake. Maneno yalimfikia mwenye nyumba, na mwenye nyumba akasema mwezi usiishe miti ile ikiwa bado pale juu.

Kwa hiyo Jumapili nikaanza kung'oa. Nilianza na ndoo ya pembeni, ile uliyokuwa unakaa nayo kila asubuhi na kikombe chako cha chai, ukiuchokonoachokonoa udongo kwa kijiti. Nilidhani unaipalilia. Nikailaza, nikaigongagonga, mzizi ukatoka mnene, mweupe kama muhogo mchanga. Na pamoja na mzizi vikatoka vidonge vyako vya presha.

Karatasi zake za bati, Mama. Kumi na moja. Nyingine hukutoa hata kidonge kimoja.

Nilikaa chini kwenye udongo. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea vidonge vile. Mimi, binti yako ninayeuza dawa, ninayesimama kaunta kutwa nzima nikiwaambia watu wasikatishe dozi. Ulipoanguka jikoni, mdomo ukaenda upande, daktari aliniuliza kama ulikuwa unatumia dawa. Nikamjibu kwa majivuno kabisa, "Anatumia, Daktari, namletea mwenyewe." Siku mbili baadaye ulikuwa umeondoka. Kwa miezi yote hii nimekuwa nikijiuliza dawa gani ile iliyoshindwa kukusaidia, kumbe ilikuwa inanywewa na mlonge!

Nilipiga kelele. Nilikuita jina lako, Mungu anisamehe, nikakuita mwongo. Nilipiga teke ndoo, udongo ukamwagika mpaka chini, na haikuchukua muda nikamsikia Mama Shamte anapanda ngazi kwa kishindo, foronya yenye matope mkononi, amekuja kwa ugomvi. Akafika mlangoni. Akaniona, akaona zile karatasi za bati. Foronya ikashuka.

Akaketi chini nami, pale pale kwenye udongo, na yule mama hakai hata kwenye ngazi isiyopigwa deki.

"Mwana," akaniambia, "mwenzangu miguu ilikuwa inamvimba. Akinywa vile vidonge, jioni viatu havivaliki. Akiacha, inapungua. Akaona majani ya mlonge yanamtosha kushusha presha."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia mimi.

"Alikuambia," akasema. "Alisema alikuambia, ukamjibu anywe dawa."

Mama, niliposikia hivyo nilitaka kubisha. Nikakumbuka. Ilikuwa jioni, nimetoka kazini nimechoka, naangalia simu. Uliniuliza kama dawa ile haina ndugu yake, nyingine ya namna hiyo. Nikasema, "Mama, kunywa dawa," bila kuinua macho. Ukasema, "Haya, mwanangu." Ukainuka ukaenda roshani.

Ndugu yake ipo. Zipo kadhaa. Miguu kuvimba kwa dawa ile ni jambo la kawaida, nalijua kama ninavyolijua jina langu. Ningekupeleka kwa daktari asubuhi yake akubadilishie, na jioni ungevaa viatu vyako. Ni jambo la siku moja! Na wewe nawe, mwanamke uliyegombana na wajomba mpaka wakakurudishia shamba la bibi, ulishindwa kunifokea mara ya pili? Ungenipokonya simu. Ungenirushia hata kiatu chenyewe kisichovalika.

Nimeandika hapo juu, nimelia, nimerudi.

Mama Shamte ndiye aliyechukua kisu. Aliikata yote minne iliyosimama, usawa wa kifua, bila huruma, na ule wa pembeni tukaurudishia udongo mpya. Sijui kama utashika. Majani aliyapika kwa karanga za Gairo, tukala wawili. Ni mboga nzuri, sikatai. Ni mboga, Mama. Kwa mwenye nyumba alikwenda mwenyewe, sijui alimwambia nini, ila amri imefutwa.

Kazini sasa nimekuwa kero. Mtu akija kuchukua dawa ya presha, simpi kwanza. Namuuliza inamfanyaje mwilini, halafu nanyamaza. Juzi mzee mmoja alitazama foleni nyuma yake, akaniinamia, akanong'ona kwamba ana wiki tatu hajainywa. Nimemwandikia karatasi ampelekee daktari. Foleni ilinung'unika. Ikanung'unike.

Na Jumamosi napanda Kinole. Mama mdogo, mdogo wako, naye ana presha, naye ana mlonge mlangoni, na nikimuuliza kwa simu anajibu, "Nakunywa, mwanangu," upesi mno. Nakuahidi hivi: sitamgombeza. Nitavua viatu, nitakaa naye mkekani, nimwombe anyooshe miguu niione. Akitaka kuzungumza mpaka jua lizame, nitamsikiliza mpaka jua lizame.

Nimekusamehe nusu. Hiyo nyingine nipe muda, hasira zangu nimezirithi kwako. Na kama huko uliko mtu anaweza kumsamehe mwanawe, wewe usinisubiri, anza.

Kwaheri, Mama. Nyoosha miguu, upumzike.

Mwanao,
Mwanahamisi